Mgeni wa Uwanjani

Wewe unayesoma maneno haya ukiwa shuleni kwako, mahali pengine kabisa, nawe karibu. Jihesabu kama uko hapa hapa Kashozi, umekaa kwenye majani pembeni ya uwanja, na mvua ya Bukoba imetuhurumia kidogo.

Nimeombwa nizungumzie afya na michezo. Najua mlichotegemea. Mlitegemea nije na picha ya moyo na mapafu, niwaambie mazoezi ni mazuri, mpige makofi, twende zetu tukale. Hayo nitayasema, ila kwa ufupi. Shirika la Afya Duniani linashauri kijana wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli inayomfanya ahemee. Michezo huimarisha moyo, mifupa na misuli, na humpunguzia mtu mawazo. Basi, makofi baadaye.

Leo nataka tumzungumzie mtu mmoja tu. Ni yule anayekuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Hajui kudaka, hajui kutoa pasi, hajui hata asimame wapi. Amesimama pale kwenye kona, anavuta vuta sketi yake. Je, nani anampokea?

NILICHEKA

Niwaambie habari yangu mwenyewe. Siyo nzuri, lakini ni ya kweli.

Nilipokuwa kidato cha tatu nilicheza netiboli, au mpira wa pete kama wengine wanavyouita. Nilikuwa senta. Nilikivaa kile kizibao chenye herufi C kana kwamba ni cheo cha serikali! Mwaka huo akaja msichana wa kidato cha kwanza. Siku ya kwanza mpira ukampiga kifuani, tukacheka. Naye akacheka kidogo. Siku ya pili akarudi. Mimi nikajisemea moyoni, huyu ana moyo.

Siku ya tatu mvua ilikuwa imenyesha. Akaruka kudaka pasi, akateleza, akaanguka. Alipoinuka tukaona damu nyuma ya sketi yake. Haikuwa ya jeraha. Alikuwa katika siku zake, na huenda hata yeye hakujua kwamba zimeanza. Mmoja akapiga mluzi. Wavulana waliokuwa chini ya mikaratusi wakaanza kelele.

Mimi sikusema neno lolote. Nilicheka tu.

Sweta yangu ilikuwa imetundikwa kwenye nguzo ya goli, hatua tano kutoka nilipokuwa. Ningeichukua nikamfunga kiunoni, mambo yangekwisha kwa dakika moja. Wenzangu walikuwa wananitazama mimi, maana ndiye niliyekuwa mkubwa pale. Nilipocheka, wote wakapata ruhusa ya kucheka.

Hakurudi tena uwanjani. Mwaka uliofuata hakuwepo hata darasani. Sisemi kwamba aliacha shule kwa sababu ya kicheko changu. Nyumbani kwa mtu kuna mengi, na mimi sikuwahi kuuliza. Lakini uwanja aliuacha kwa sababu yetu, hilo nalijua.

Miaka mingi baadaye, nimeshamaliza chuo, tulikutana sokoni mjini Bukoba. Alikuwa anauza nyanya. Alinikumbuka mara moja. Akaniuliza, "Dada, bado unacheza?" Aliniuliza vizuri tu, bila kinyongo. Nilikosa jibu. Nikanunua nyanya nyingi kuliko nilizohitaji, nikaondoka.

Kwa hiyo mkiniona nasimama mbele yenu kama mtaalamu, mjue kwamba somo hili nililifeli kwanza.

WATU WANAOANZA KWA KUJIFUNZA KUANGUKA

Sasa twende mbali kidogo, halafu tutarudi hapa nyumbani.

Kuna mchezo unaoitwa rola dabi. Mimi sijauona ukichezwa huku kwetu, nimeusoma tu na kuutazama kwenye video. Wachezaji huvaa viatu vya magurudumu manne, wakazunguka kwenye njia yenye umbo la yai. Ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1935. Baadaye ukafifia, hadi mwaka 2001 wanawake wa mji wa Austin, jimbo la Texas, walipoufufua na kuuendesha wenyewe. Tangu hapo umeenea nchi nyingi. Hata hapa Afrika, wanawake wa Kairo, Misri, walianzisha timu yao mwaka 2012.

Kila timu huingiza watu watano. Mmoja ana nyota kwenye kofia yake ngumu, na huyo ndiye mtafuta pointi. Akishapenya kundi mara ya kwanza, anazunguka tena, na kila mpinzani anayempita humpatia pointi moja. Wenzake wanamfungulia njia, na wapinzani wanamzuia kwa mabega na nyonga. Ni mchezo wa kugongana kwelikweli.

Sasa fikiria mtu ambaye hajawahi kuvaa kiatu cha magurudumu, na anataka kuingia humo. Atafundishwa nini mwanzoni? Mbio? Hapana. Hufundishwa kuanguka. Anavalishwa kofia ngumu, kinga za magoti, za viwiko, za viganja na za meno. Halafu anafundishwa kuanguka akiwa amejikunja, kwa kutanguliza goti lenye kinga, na kufumba vidole ili gurudumu la mwenzake lisivikanyage. Anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Wakongwe nao wanaanguka pamoja naye.

Mnaona? Pale kuanguka ni somo la kwanza. Huwezi kumcheka mtu anayefanya somo.

Lakini nao hawakuwa malaika. Kwa miaka mingi wanaoanza waliitwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "nyama mbichi". Lilikuwa utani. Vilabu vingi vimeliacha jina hilo, na sababu naielewa vizuri. Utani huo ni mtamu kwa anayeutoa. Mgeni anayeusikia hajui kama anataniwa au anafukuzwa. Kwa upande mwingine wana desturi nzuri: mchezaji hujichagulia mwenyewe jina lake la uwanjani. Na ambaye hajaweza bado, au hataki kugongana, hupewa kazi: kuhesabu pointi, kushika saa, kuandika makosa. Naye ni mtu wa timu.

AKAMWANI KWANZA

Turudi nyumbani. Je, haya ni mageni kwetu? Hata kidogo!

Mgeni akiingia nyumbani kwa Mhaya anapewa nini? Nawasikia mnasema: akamwani! Ndiyo, kahawa ya kutafuna. Hapewi kwa sababu ana njaa, maana punje mbili tatu hazimshibishi mtu. Anapewa ili ajue kwamba ameonekana, na kwamba amekaribishwa. Mengine yatafuata. Hakuna mama wa Kashozi anayemwacha mgeni asimame mlangoni, akamcheka viatu vyake vyenye tope, halafu akashangaa kwa nini hakurudi tena.

Sasa mbona uwanjani tunafanya hivyo? UMISSETA ikikaribia ndiyo tunazidi. Tunataka wanaojua tayari. Anayeanza tunamwona anatupotezea muda. Tunasahau kwamba kila anayejua aliwahi kuudondosha mpira.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula, Waganda, walishika nafasi ya 5 kwenye Kombe la Dunia la netiboli lililochezwa Cape Town mwaka 2023. Timu ya taifa haishuki kutoka mbinguni. Inatoka kwenye viwanja kama hiki, vya nyasi na udongo mwekundu, na kila aliyemo aliwahi kuwa na siku ya kwanza.

Basi mgeni wa uwanjani apewe akamwani yake. Mimi napendekeza vitu vitatu, na vyote havigharimu hata shilingi.

Kwanza, jina. Muulize anaitwa nani, na umwite hivyo hivyo. Msimpe jina la utani. Akitaka la uwanjani atajichagulia.

Pili, mwenzi. Mzoefu mmoja awe dada yake wa uwanjani kwa wiki mbili. Asimame naye, apashe mwili naye, arushiane naye mpira. Mgeni akikosea, amweleze huyo mmoja kwa sauti ya kawaida. Timu nzima isimpigie kelele.

Tatu, kazi. Siku ya kwanza kabisa apewe la kufanya. Ashike saa, ahesabu magoli, avikusanye vizibao. Mtu mwenye kazi hana haja ya kusimama kwenye kona akivuta sketi.

WEWE UNAYEANZA

Sasa naongea na wewe ambaye hujawahi kucheza, na moyoni unasema, "Dada huyu anasema mazuri, ila mimi siwezi." Ngoja nikupe kidogo cha kuanzia.

Kanuni za kukutosha siku ya kwanza ni chache. Timu ina watu 7, na herufi kwenye kizibao chako ndiyo inayokuambia eneo lako. Ukishika mpira usikae nao zaidi ya sekunde 3. Hukimbii nao wala hudundi. Mguu uliotua kwanza ukishauinua, usiurudishe chini kabla mpira haujatoka mikononi. Ukimzuia mwenye mpira, kaa umbali wa sentimita 90 kutoka mguu wake. Wanaofunga ni wawili tu, GS na GA, na hufunga wakiwa ndani ya nusu duara. Mengine utayajua huku unacheza.

Kudaka kunafundishika nyumbani. Tengeneza mpira wa majani makavu ya migomba, kama ule tuliochezea utotoni, umwambie mdogo wako akurushie. Vidole vitanuliwe, viganja viuangalie mpira, mikono iuvute kuja kifuani. Ukinyoosha vidole kama unaonyesha njia, mpira utavigonga kwenye ncha na utaumia.

Jifunze kutua. Tua kwa miguu yote miwili ukiweza, magoti yakunjwe kidogo na yaelekee mbele, yasiangaliane. Magoti mengi ya wasichana huumia bila hata kuguswa na mtu, kwa kutua tu au kugeuka ghafla. Kabla ya kucheza, pasha mwili dakika 10. Kama uwanja ni tope la kuteleza, fanyeni mazoezi ya pasi mkiwa mmesimama. Siku moja bila mbio haimwui mtu.

Ukitegua kifundo cha mguu, acha kucheza. Weka kitambaa chenye maji ya baridi dakika 15 hadi 20, funga bandeji isiyobana sana, inua mguu. Usikandwe kwa maji ya moto siku hiyo, wala usikubali mtu auvute "kuurudisha". Ukishindwa kutembea hatua 4, nenda kituo cha afya.

Ukigongwa kichwani ukaona kizunguzungu, ukasahau mambo, au kichwa kikauma, hurudi mchezoni siku hiyo hata kama timu inafungwa. Ukitapika, ukisinzia isivyo kawaida, au maumivu yakizidi, upelekwe kituo cha afya upesi.

Na siku zako? Unaweza kucheza. Mazoezi hayaharibu kizazi, na wapo wanaosikia maumivu ya tumbo yakipungua. Badilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa 4 hadi 6. Kitambaa kioshwe kwa sabuni na kukaushwa juani, siyo kufichwa chini ya godoro, maana jua husaidia kuua vijidudu. Ukijisikia vibaya, pumzika, huna haja ya kumweleza kila mtu sababu.

JAMBO TUNALOLIJUA SISI WA KAGERA

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika mkoa wetu huu, mwaka 1983. Wazee wetu wanajua maana ya mtu kukwepwa. Wanajua kikombe kilichotengwa na mkeka uliotengwa. Hatutaki kuyarudisha hayo uwanjani.

VVU haviambukizwi kwa jasho, kwa kugusana, kwa kuazimana kizibao wala kwa kudaka mpira mmoja. Kijana anayeishi na VVU, akitumia dawa zake kila siku kama alivyoelekezwa, anaweza kucheza kama wewe. Na huna haki ya kumchunguza. Sheria ya netiboli imeshatuwekea usalama wetu sote: mchezaji yeyote anayetoka damu hutoka nje, jeraha linasafishwa na kufunikwa, damu ikikatika anarudi. Sheria haiulizi damu ni ya nani. Anayemsaidia avae glavu, au hata mfuko safi wa plastiki usio na tundu.

Na jingine, hasa kwa mgeni ambaye anatamani sana kupendwa na timu. Mtu yeyote, awe kocha, awe mfadhili, awe kijana wa bodaboda, akikuahidi nafasi kwenye timu kwa sharti la kukutana naye faragha, huyo hakufundishi mpira. Mwambie mwalimu unayemwamini au mzazi. Ukiwaogopa wote, piga simu 116, ni ya kusaidia watoto na haina malipo. Mazoezi yakiisha, ondokeni kwa makundi kabla giza halijaingia.

NYIE WAZOEFU, NA NYIE WA CHINI YA MTI

Wazoefu, nina ombi moja. Muwe na mfuko wa timu. Ndani yake wekeni kanga moja, pedi mbili tatu au vitambaa safi, sabuni, bandeji na glavu. Mfuko ukae pembeni ya uwanja na kila mtu ajue ulipo. Akitokea mwenye shida, anayemwona kwanza anachukua kanga na kumfunga. Hamna mkutano, hamna maswali. Mchezo unaendelea.

Na kumbukeni habari ya kizibao changu. Mkubwa akicheka, wadogo wote wanacheka. Mkubwa akimpa mgeni mkono amwinue, wadogo nao watajifunza hivyo hivyo. Hata kama hujapewa unahodha, kuna mtu anakutazama.

Wavulana, nanyi nawaona. Najua mnakuja kutazama, na kutazama siyo kosa. Ila mluzi wenu unasikika mbali. Kama umekuja kushangilia, shangilia. Kama umekuja kumzomea dada wa mwenzako, fikiria ni nani anamzomea dada yako katika shule nyingine saa hii hii. Tena wanaume nao wanacheza netiboli sehemu mbalimbali duniani. Anayedhani ni mchezo mwepesi aje adake pasi za dada zake, tumwone!

Haya, nimesema sana. Dada zangu wa timu wameniambia mazoezi ya leo ni saa kumi kamili, hapa hapa. Wanahitaji watu ambao hawajui. Nimesema vizuri: ambao hawajui. Wanaojua wapo tayari. Nawe unayesoma huko kwenu, tafuta uwanja wenu unafunguliwa saa ngapi, uende na mwenzako mmoja. Wawili hawaogopi kama mmoja.

Mimi nitakuwepo. Miguu yangu imeshakuwa mizito, na nina hakika nitaanguka kabla ya mtu yeyote. Na sweta yangu nimekuja nayo. Nitaitundika pale kwenye nguzo ya goli, mahali ambapo kila mtu anaifikia.